Paka mwenye mimba akikojoa damu: ni jiwe ao ni kitu kingine?

Mu kambi zetu, toka Kolwezi mupaka Kipushi, paka anatumika bila kontra. Anachunga mufuko wa unga, anachunga ndakala zenye mama ameweka juu ya kabati, anafukuza panya wenye wanakula mupaka kamba za buti za kazi. Hana mushahara, hana konje. Akibeba mimba, wanamupatia kichwa kimoja cha samaki cha ziada na kazi inaendelea. Njo maana, siku yenye paka wa namna hiyo anaanza kuchuchumaa kila kisha dakika mbili na kutosha matone ya mukojo yenye damu, nyumba nzima inapata wasiwasi. Mufuko wa unga wa mwezi si kitu ya muchezo.

Mutu ataniuliza: delege wa sendika anaingia mu habari ya paka juu ya nini? Jibu ni fupi. Wamama wanatuletea ulizo hili ku biro, wanalileta pamoja na karatasi za mushahara na mambo ya hospitali, na majibu yenye walikwisha kupata ku avenue ni majibu yenye yanaua. Basi nilienda kuuliza waganga wa nyama, nikasoma vile niliweza, na ninawaandikia hapa yenye nimeelewa.

Jibu la kwanza la avenue ni bulozi. Paka mweusi, mimba, damu mbele ya mulango: watu wanamaliza hesabu mbio. Kuna wenye wanamupiga mawe, kuna wenye wanamutia mu mufuko na kumutupa mbali. Kamarade, ile damu inatoka mu kibofu, ni kidonda cha ndani. Hata wewe ukikaa na jiwe mu kibofu utakojoa damu, na hakuna jirani mwenye atasema ulitumwa.

Jibu la pili linatoka ku farmasi ya kona, na ninalichukia zaidi juu linavaa nguo ya sayansi. Mutoto anatumwa: "Ulizia parasetamoli ya paka." Muuzaji anakata kidonge, anatoa. Sikieni vizuri. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Maini yake hayana nguvu ya kuivunja sawa maini ya mutu. Kidonge kimoja cha miligrama 500 kinatosha kuua paka mukubwa wa kilo 4, na nusu yake pia inaweza. Damu yake inaacha kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawa ao ya bluu, uso na miguu inavimba, anapumua kwa shida. Akiwa na watoto mu tumbo, watoto nao wanakosa hewa. Ibuprofeni na diklofenaki, zile zenye tunameza kisha zamu juu ya mugongo, zinapasua tumbo lake na kuharibu mafigo, na mafigo njo kitu chenye tunataka kuokoa. Kama paka alikwisha kumeza kimoja cha vidonge hivi, usingoje alama. Peleka siku ileile kwa veterinere, na umuambie jina la dawa na saa yenye alimeza.

Tetrasikline, ile ya kapsule ya rangi mbili yenye inauzwa sawa bombo, inaenda kukamata mu mifupa na meno ya watoto wenye hawajazaliwa. Siprofloxasine nayo haifai kwa mifupa yenye inaanza kukomaa. Na mbele ya kuongea hatari yake, tuulize kwanza kama antibiotiki ina kazi yoyote hapa. Mara mingi haina. Mu paka wenye hawajafikisha miaka 10, damu mu mukojo inatoka kwa mikrobe mara chache sana. Watu wanatibia ugonjwa wenye haupo.

Sasa tuongee jiwe lenyewe. Wachimbaji mutaelewa mbio kuliko wengine, juu ni jambo la madini. Paka ni mutoto wa inchi ya ukavu: wazee wake walitoka mahali pa jangwa, na mafigo yake yalijifunza kukamua maji mupaka tone la mwisho. Mukojo wake unakuwa muzito. Mu mukojo muzito madini yanajaa. Yakipita kipimo yanaanza kukamatana, kwanza chembechembe zenye huwezi kuona na jicho, kisha muchanga, kisha jiwe. Ni sawa vile dimbwi la maji kando ya usine linakauka na kuacha chumvi ya rangi pembeni.

Kuko aina mbili zenye zinakamata karibu mawe yote ya paka. Ya kwanza inaitwa struvite; imetengenezwa na manyezyumu, amonyaki na fosfati. Ya pili ni oxalate ya kalsyumu. Sisi Katanga tunajua tofauti ya malakite na sulfure: malakite ukiitia mu asidi inayeyuka na shaba inatoka, lakini kuna sulfure yenye inakuangalia tu mu tanki bila kujali. Struvite njo malakite yetu. Mukojo ukipata asidi kidogo na madini yake yakipunguka mu chakula, jiwe linayeyuka lenyewe, mara mingi ndani ya wiki 2 mupaka 4. Oxalate haiyeyuke. Ukimulisha chakula gani, umunyweshe nini, itabaki, na dawa yake ni kuitosha.

Ku Marekani, mu Université ya Minnesota, profesa Carl Osborne alifungua mwaka 1981 nyumba ya kupima mawe ya mukojo ya nyama, na mawe yanatumwa kule toka inchi mingi. Wakati ule, struvite ilikuwa inapita zingine mbali sana. Kisha viwanda vya chakula vya paka vikapunguza manyezyumu na kuongeza asidi, struvite ikashuka, na oxalate ikapanda. Ninaandika hii juu ya kitu kimoja: mutu asikuambie "mupatie limao, jiwe litayeyuka". Asidi inasaidia jiwe moja na inaweza kusaidia lingine kuzaliwa. Na kwa paka mwenye mimba, asidi inachukua kalsyumu mu mifupa yake wakati watoto wanaiomba. Siki, limao, majani ya kuvunja mawe, hapana.

Lakini je, ni jiwe kweli? Hapa njo kazi kubwa iko, na hapa njo watu wanaruka. Tukichukua paka 10 wenye wanakojoa damu na maumivu, zaidi ya nusu hawana jiwe wala mikrobe. Kibofu kimevimba tu, na wanganga wanaona woga na musukosuko kuwa na mukono mukubwa ndani: kuhama nyumba, mbwa mupya mu lupango, paka mugeni, makelele, kukosa mahali pa kujificha. Mara mingi kile kivimbe kinapoa chenyewe ndani ya wiki moja. Wenye jiwe ni 1 ao 2 juu ya 10. Sasa muone: mutu anatoa antibiotiki, siku ya sita paka anapona, anasema dawa ilitumika. Paka alipona pembeni ya dawa.

Kwa mwenye mimba hesabu inakuwa nguvu zaidi, juu kuna alama zenye zinadanganya. Mimba ya paka inachukua kama siku 63 mupaka 67. Mu wiki za mwisho tumbo la uzazi linalalia kibofu, basi anakojoa mara mingi na kidogo kidogo bila ugonjwa wowote. Kuchuchumaa na kusukuma kunaweza kuwa kukojoa, kunaweza kuwa choo kigumu, na kunaweza kuwa uchungu wa kuzaa. Kama siku zimetimia, anatafuta kona, anatengeneza kitanda mu manguo yako na kujilamba sana nyuma, usiende kutafuta jiwe, tafuta sanduku na kitambaa safi. Akisukuma na nguvu saa 1 nzima na hakuna mutoto mwenye anatoka, ile ni ya munganga, hata usiku.

Na damu yenyewe, inatoka wapi? Mukojo wenye damu unatoka pamoja na kukojoa, ni maji ya rangi ya pinki ao nyekundu. Lakini damu yenye inatoka wakati amelala tu, yenye inachafua mukia, inaweza kutoka mu tumbo la uzazi, na mbele ya siku kutimia ile inaweza kuwa mimba yenye inaharibika. Uchafu wenye kunuka na homa ni mubaya zaidi. Weka kitambaa cheupe pale analala, angalia asubui. Kitambaa kitamuambia munganga mambo mingi kuliko maneno yetu.

Mama moja ku kartie yetu alikuwa anaandika siku paka alipanda na dume ku kalanda yenye bwana wake anaandika zamu za usiku. Tulimucheka. Veterinere hakumucheka, juu ile tarehe moja ilimuonyesha kama ni siku ya 40 ao ya 60, na kila kitu chenye kinafuata kinategemea pale.

Kitu kimoja hakingoje tarehe. Kama paka anasukuma na hakuna hata tone lenye linatoka, kutoka asubui mupaka magaribi, amefungika. Madume njo wanafungika sana, juu bomba yao ni nyembamba. Jike yake ni fupi na pana, kwa hiyo ni mara chache. Lakini jiwe likisimama vibaya inatokea. Anatapika, hataki kula, analala sawa kitambaa, tumbo la chini ni gumu sawa ndimu. Potasyumu inapanda mu damu na moyo unasimama. Mu siku 2 ao 3 amekufa. Usikamue lile tumbo kwa mikono yako. Kibofu chenye kimejaa kinaweza kupasuka, na pembeni yake kuko watoto.

Ukifika kwa munganga wa nyama, ataanza na mikono. Atagusa tumbo polepole. Kati ya wiki ya tatu na ya ine watoto wanasikika sawa vitufe vidogo vyenye vimepangwa ku mustari, na mu kibofu mara zingine jiwe linasikika gumu, ao mawe mingi yanasagana sawa changarawe mu soksi. Lakini mikono haioni mawe yote, zaidi mu tumbo lenye limejaa watoto.

Kisha ni mukojo. Kuna ujanja wa kuupata nyumbani: osha vizuri karai lake, toa muchanga, weka vipande vya plastiki vyenye havinywi maji, akikojoa mimina mu chupa safi. Kimbia nayo. Mukojo ukikaa saa mingi, ao ukiuweka mu frigo, kristali zinazaliwa mu chupa, na mikroskopi itaonyesha madini yenye hayakuwa mu paka. Munganga mwenye anapokea mukojo wa jana na kukuambia "ni struvite", muulize vizuri. Tena, kuona kristali hakumaanishe jiwe. Paka wengi wazima wanakuwa nazo. Ku santé za kartie wako na bandeleti za mukojo zenye wanatumia kwa wamama wenye mimba. Kwa paka zinaonyesha damu na kipimo cha asidi, lakini ile sehemu ya globule nyeupe inasema uongo kwa paka, inapanda hata bila mikrobe. Kwa hiyo muuguzi wa watu, hata kama ni shemeji yako, asisome bandeleti ya paka sawa ya mutu.

Kama mikrobe zinashukiwa kweli, mukojo safi unatoshwa na sindano ku kibofu na kuoteshwa mu labo. Kwa mwenye mimba munganga anafanya hivyo akiangalia ku ekografi, juu sindano isikose njia.

Ekografi njo chombo cha kwanza hapa. Haina miale, haichome watoto. Kuanzia karibu wiki ya tatu inaonyesha mimba, kisha inaonyesha mioyo yenye inapiga, na wakati uleule inaonyesha jiwe mu kibofu: kitu cheupe chenye kinaacha kivuli nyuma yake. Inaonyesha pia kama figo limevimba juu ya jiwe lenye limeshuka mu bomba ya kati ya figo na kibofu. Yale ya juu, ya figo na bomba yake, karibu yote ni oxalate, kwa hiyo chakula hakitayayeyusha. Tena yanafichama: paka anaweza kukosa kuonyesha kitu mupaka figo moja limekufa.

Radiografi inaonyesha struvite na oxalate vizuri, na inahesabu mawe kuliko ekografi. Lakini mu wiki za kwanza, wakati viungo vya watoto vinatengenezwa, miale ni hatari, munganga atakataa kama hakuna lazima. Kuelekea mwisho hatari inapunguka, ila kuna jambo lingine: kuanzia kama siku ya 40 mifupa ya watoto inaonekana, na uti wa mugongo wa mutoto unaweza kufunika jiwe, ao kufanana nalo. Picha ya namna ile inaomba jicho lenye limezoea.

Damu nayo inapimwa, juu ya kujua mafigo yanatumika namna gani. Pale njo inajulikana kama tuna wakati wa kungoja.

Ndiyo, kungoja. Wengi hawapendi neno hili, lakini kwa paka mwenye mimba, jiwe la kibofu lenye halifunge mukojo na lenye halileti mikrobe linaweza kubaki pale mupaka azae. Chakula cha kuyeyusha struvite hakikutengenezwa kwa wenye mimba, wala kwa wenye kunyonyesha, wala kwa watoto: kinapunguza madini yenye watoto wanajengea mifupa na kinaongeza asidi. Wenye kukiuza wanaandika vile ku mufuko. Hesabu basi: siku zenye zinabaki za mimba, kisha wiki 7 ao 8 za kunyonyesha, njo chakula kile kinaanza. Inaweza kufika miezi mitatu, mine. Wakati wote huo anapewa maji mingi, anaangaliwa, na dawa ya maumivu yenye inafaa kwa mimba, yenye veterinere mwenyewe anatoa. Hata zile dawa za kivimbe zenye zilitengenezwa kwa paka, mingi yao haziruhusiwe kwa mwenye mimba. Kwa hiyo usichukue chupa yenye ilibaki kwa paka wa jirani.

Mikrobe zikipatikana kweli mu labo, kuna antibiotiki zenye wanganga wanaamini kwa mimba, sawa amoxisiline. Kipimo kinafuata uzito wa paka. Kapsule yenye ilitengenezwa kwa baba wa kilo 70 haigawanyike kwa jicho.

Kuna mawe yenye hayawezi kungoja. Kama mukojo umefungwa, munganga anamulaza na anestezi, anapitisha bomba ndogo na kusukuma jiwe lirudi mu kibofu, anamutia maji mu mushipa na kushusha potasyumu. Kama mawe ni madogo, ya milimita chache, kwa jike anaweza kujaza kibofu maji, kumusimamisha wima na kukamua juu yatoke pamoja na mukojo. Lakini kwa mwenye mimba kubwa ile kukamua tumbo haifai. Inabaki kupasua kibofu. Kupasua paka mwenye mimba kunafanyika, na watoto wanaweza kupona, lakini anestezi inaweza kuharibu mimba na lazima muambiwe vile mbele ya kusaini. Ikiwa karibu na siku ya kuzaa, munganga anaweza kutosha watoto na jiwe mu kupasua kumoja. Ikiwa mimba ni changa na paka ni muzaifu, atakuuliza kama mutatoa tumbo la uzazi siku ileile. Ulizo lile ni gumu mu nyumba yenye watoto wanangoja vipaka. Kwangu, mama aokolewe kwanza. Veterinere wengi wenye nimeuliza wanasema vilevile, ila mwenye paka njo anaamua.

Kwa wale wenye jiwe lao linaweza kungoja, kuna jambo lenye lilinipendeza. Kisha kunyonyesha, kama jiwe ni la kutosha kwa kisu, kupasua kunaweza kufanyika pamoja na kumufunga kizazi. Anestezi moja, kidonda kimoja, na gari ya kwenda mara moja. Muulizie mbele.

Bei sitaiandika, juu inabadilika toka munganga mumoja mupaka mwingine na dolare inacheza. Ninasema tu: uliza bei ya kila kitu mbele, ekografi peke yake, mukojo peke yake, anestezi peke yake. Carte ya hospitali ya kampani inachunga mufanyakazi, muke na watoto. Paka hayuko ku liste, na hatutaenda ku grève juu yake. Lakini nimeona avenue moja wakifanya likelemba ndogo kwa nyama za nyumbani, mbwa na paka, kila nyumba inatosha kitu kidogo ku mwisho wa mwezi. Lubumbashi kuko Fakultei ya bunganga wa nyama ya Université, yenye inafundisha veterinere wa inchi. Mwenye kutoka Likasi ao Kolwezi anaweza kuungana na jirani mwenye mbwa mugonjwa, wakalipa safari moja. Paka asafiri mu kikapo chenye kufunikwa, si mu mufuko wa plastiki.

Nyumbani, kazi ni maji. Paka wetu wengi wanakula bukari na vichwa vya ndakala vyenye kukauka, na kando yao kibakuli kimoja chenye vumbi ya barabara. Lowesha ile chakula mupaka iwe sawa supu. Samaki ya kukauka ioshwe kwanza chumvi itoke, na makayabo usimupatie kabisa. Weka vibakuli viwili vitatu mahali mbalimbali, mbali na choo chake, ubadilishe maji kila siku. Vichwa na mifupa vimejaa fosfati na manyezyumu. Visiwe chakula chake chote, ongeza nyama ya samaki, yai la kupikwa, maini kidogo, kitu chenye maji. Lakini usimufungishe. Kuna wenye wanasikia "jiwe linatoka mu chakula" na wanamunyima. Mwenye mimba anahitaji kula zaidi, na akinyonyesha zaidi tena, mara mbili na kupita. Njaa inamuangusha yeye na watoto.

Mupatie pia kona yake, sanduku mahali watoto hawafike, na karai safi. Paka mwenye anaogopa kwenda kukojoa anakaa na mukojo saa mingi, na mukojo wenye unakaa unatengeneza mawe. Hapa nitafungua mabano kwa sisi wenyewe. Mwenye anashuka ku fond saa nane, anatoka jasho, bidon yake ya maji imeisha saa ya kwanza na anaogopa kuomba ruhusa, anatengeneza mawe kwa njia ileile ya paka. Mukojo wako ukiwa wa rangi ya chai, kibofu chako kinakuambia neno. Maji ya kunywa ku mahali pa kazi iko mu karatasi yetu ya madai, na itabaki.

Kwa nyumba yenye kuko mwanamuke mwenye mimba, wamama wawili wenye mimba chini ya paa moja, tuseme, iko jambo la kujua. Mukojo wa paka na jiwe lake haviambukizi mutu. Choo chake kigumu njo kinaweza kubeba toxoplasma, yenye inaweza kuharibu mutoto mu tumbo la mama. Kile kidudu kinaomba siku 1 ao zaidi inje mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Basi karai limwangwe kila siku, na mwingine afanye kazi ile, bwana ao kijana mukubwa. Mama akikosa mwingine avae gants na aoshe mikono na sabuni. Hakuna lazima ya kufukuza paka.

Jiwe likitoshwa, liombe. Wengi wanaliacha mu ndoo ya kliniki. Lioshe, likaushe, liweke mu kibakuli kidogo chenye kufunikwa, bila maji na bila alkole, na uandike tarehe. Veterinere anaweza kulituma kupimwa, juu kwa macho tu struvite na oxalate zinadanganya, na chakula cha moja si cha lingine. Kisha mwezi moja mukojo upimwe tena, kisha kila miezi tatu ine mu mwaka wa kwanza, na ekografi kama damu inarudi. Mawe ya oxalate yanapenda kurudi. Kibakuli cha tatu cha maji, kile cha karibu na mulango wa jikoni, kibaki pale hata kisha vipaka kugawiwa kwa majirani.